Kihenge cha zamani kijijini: namna ya kukirudisha kazini

Katika miji mingi ya wazee, kuanzia Magu hadi Kwimba na ng'ambo ya ghuba huko Sengerema, kihenge cha zamani bado kipo. Kimeinama, udongo umebanduka upande mvua inakopigia, paa limekaa upande kama kofia ya mlevi, na ndani kuku wanatagia. Watu wanaporudi kufufua mji wa babu, cha kwanza ni kumwita fundi akikandike upya kipendeze. Hapo wameanza na kazi ya mwisho. Kihenge hufa kuanzia miguuni, na chakula kilichomo huharibika kwa unyevu na wadudu hata kama ukuta unang'aa. Kwa hiyo tunaanzia chini kwenda juu, kisha tunaingia kwenye suala gumu kuliko udongo na fito: siku hizi kitu gani kiingie humo na kipi kisiingie.

Vipimo vya hapa ni vya kihenge cha duara chenye kipenyo cha mita 1.2 na ukuta wa kimo cha mita 1.3. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 1.5. Kikijaa mpunga ni kama kilo 800 na kitu. Kikijaa mahindi yaliyopukuchuliwa hufika tani moja. Kaya ya watu sita, ukikadiria wastani wa gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, inakula kama kilo 2.4 kwa siku, yaani karibu kilo 880 kwa mwaka. Ndiyo maana ukubwa huu unaonekana sana: kihenge kimoja kilikuwa mwaka mmoja wa chakula. Kama chako ni kikubwa zaidi, ongeza miguu. Usitegemee kuongeza unene wa boriti peke yake.

Msimu wa kazi ni Juni na Julai. Masika imekatika, jua lipo, na mpunga bado uko kwenye turubai au magunia ukingoja. Udongo unahitaji wiki tatu kukauka kabisa kabla nafaka haijaingia. Ukianza Septemba utakimbizana na mvua za vuli, na ukuta wenye unyevu ndani utakugharimu kuliko kukosa kihenge.

Ukaguzi

Toa kila kitu ndani, fagia, kisha shusha paa. Usikague kihenge kikiwa na paa juu, maana uzito wake huficha mlegeo wa ukuta. Piga picha kila upande na ndani pia, hasa namna fito za sakafu zilivyopangwa na mafundo yalivyofungwa, ukishafungua hutakumbuka. Kama kuna alama za mkaa au mikwaruzo ukutani kwa ndani, usizikandike kabla ya kumwuliza bibi au mzee yeyote aliyekula kutoka humo. Mara nyingi ni alama za kiwango: hapa pa mbegu, usiguse, hapa palifikiwa mwaka fulani wa njaa. Zinakili. Ndizo daftari pekee la shamba ambalo kaya nyingi zinalo.

Sasa chukua msumari wa inchi nne na uchome kila mguu sehemu mbili: usawa wa ardhi, na sentimita kumi chini yake baada ya kufukua kidogo. Hapo ndipo mti huoza kwanza, kwa sababu maji na hewa vinakutana. Mguu unaweza kuwa mzima kama jiwe kwa juu na unga mtupu pale chini. Msumari ukizama zaidi ya sentimita moja kwa kusukuma kwa mkono, mguu huo umekwisha. Vichirizi vya udongo vinavyopanda mguu ni njia za mchwa. Vivunje vyote, urudi baada ya siku tatu uone vipi vimejengwa upya.

Ning'iniza timazi, au kamba yenye jiwe, kwenye ukingo wa juu wa ukuta, pande nne. Mwinamo wa hadi sentimita tano kutoka juu hadi chini hurekebishika kwa miguu tu. Ukizidi sentimita kumi, fito za kusimama zimekatika kwa ndani, na itakuwa nafuu kusuka kingine juu ya uchaga uleule, yaani jukwaa la fito linalokibeba.

Mwisho tafuta matundu. Vitundu vya mviringo visafi kwenye fito, na vumbi jepesi la unga chini yake, si lazima iwe fukusi wa mti wa kawaida. Dumuzi, yule ambaye wakulima walimbandika jina la Scania, hutoboa mbao kavu na kujificha humo msimu hadi msimu akisubiri mahindi. Fito zote za namna hiyo zitolewe na zichomwe moto siku hiyohiyo. Usizitupe kando ya nyumba, na usizifanye kuni za kuweka akiba.

Miguu

Kihenge kitupu chenye ukuta wa udongo wa sentimita tano kinakaribia nusu tani. Watu wanane wakikinyanyua kwa mabega, kila mmoja kwa mwendo wake, ukuta unapasuka kuanzia chini kwenda juu na hakuna ukandikaji utakaouponya. Usikihamishe. Badilisha mguu mmoja mmoja kikiwa palepale.

Mahitaji: jeki ya gari ya tani tano au zaidi, vipande viwili vya ubao mgumu vya sentimita 30 kwa 30, mtaimbo, sururu, koleo, kamba ya katani ya mita 20, na mawe bapa. Mawe hayana shida Mwanza.

Miguu mipya iwe sita, kipenyo sentimita 15, urefu mita 1.65, ikiwa na panda juu za kushika boriti. Mkaratusi uliokomaa unafaa na unapatikana kirahisi. Mwarobaini uliokomaa unafaa zaidi kwa mchwa, ukichagua sehemu ya kiini na kuacha weupe wa nje. Menya magome yote, kwa kuwa mchwa hupita chini ya gome bila kuonekana. Paka oili chafu mara mbili, ukiacha siku moja katikati, kuanzia kitako hadi sentimita 20 juu ya usawa wa ardhi. Usipake juu ya hapo, na isiguse uchaga wala fito zinazokutana na chakula.

Funga kihenge kiunoni kwa kamba, mizunguko miwili chini na miwili katikati, ili ukuta usifunguke wakati wa kazi. Weka ubao mmoja ardhini, jeki juu yake, ubao wa pili kati ya jeki na boriti, karibu na mguu unaoondolewa. Jeki ikae angalau nusu mita kutoka pale utakapochimba, la sivyo ukingo wa shimo utaporomoka na jeki italala ikiwa na mzigo. Nyanyua sentimita mbili tu. Zaidi ya hapo unapindisha ukuta.

Hapa ndipo mafundi wapya hukwama. Wameondoa mguu mbovu, wamechimba shimo la sentimita 60, na mguu mpya hauingii, kwa sababu panda yake inagonga boriti. Wanapandisha jeki, ukuta unalia, wanapandisha tena. Dawa yake ni kuchimba zaidi: shimo liwe sentimita 80 kwenda chini na liwe pana upande mmoja. Ingiza mguu ukiwa umelala, usimamishe ndani ya shimo. Panda itapita chini ya boriti bila kugusa. Kisha mtu mmoja anaunyanyua kwa mtaimbo kutoka chini huku mwingine akisukuma mawe bapa chini ya kitako, moja baada ya jingine, hadi panda ibane boriti. Jaza shimo kwa kokoto na changarawe, shindilia kila sentimita 15 kwa kitako cha mtaimbo, na umalizie juu kwa udongo ulioinuka kidogo kuzunguka mguu ili maji yaende zake. Shusha jeki taratibu. Acha siku moja kabla ya kuhamia mguu mwingine, na usifuate mzunguko: ukimaliza mmoja, nenda kwa ule unaoutazama upande wa pili.

Kimo cha uchaga kiwe mita moja kutoka ardhini. Vihenge vingi vya zamani vilikaa juu ya mawe ya kimo cha goti. Jiwe linazuia mchwa na unyevu, na hilo linafanya vizuri kuliko mti wowote, lakini panya halimzuii. Ukitaka kubaki na mawe, basi kubali kwamba ulinzi wako dhidi ya panya ni paka na usafi wa uwanja, ambao kwa mji usio na watu mwaka mzima si ulinzi.

Kwenye miguu ya miti, kata bati duara la nusu kipenyo sentimita 35, toboa katikati tundu la ukubwa wa mguu, pasua mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, lizungushe mguu, pishanisha ncha kwa sentimita nane ili likae kama faneli iliyopinduka, ulipige misumari sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini. Likikaa chini ya hapo, panya ataliruka kutoka ardhini. Upenyo kati ya bati na mti ukiachwa wazi, atapita hapo. Uzibe kwa udongo au kipande cha bati. Halafu hakikisha hakuna kitu chochote, tawi, ukuta wa jiko, rundo la kuni, jembe la kukokotwa na ng'ombe, kilicho chini ya mita moja kutoka kihengeni. Makosa ya kawaida hapa ni ngazi. Watu hufunga mabati sita kwa ustadi mkubwa, kisha ngazi inaachwa imeegemea usiku kucha.

Uchaga na fito

Boriti tatu za sentimita 12 zikilazwa juu ya panda za miguu sita zinatosha. Juu yake panga fito za unene wa kidole gumba, zikiwa zimebanana, ukifunga kila moja kwa kamba ya katani kwenye kila boriti. Misumari hupasua fito kavu na hushika kutu, kwa hiyo kamba ni bora.

Ukuta wenyewe ukiwa mzima, badilisha fito zilizotobolewa tu. Fito mbichi za mkole zinapinda vizuri zikisukwa siku ileile zilipokatwa. Zikikaa siku mbili, zilaze majini usiku mmoja. Zinaposukwa mbichi hunywea zikikauka na kuacha nafasi, kwa hiyo zibane kwa kugonga na kipande cha ubao kila mizunguko minne. Matete ya ufukweni ni mepesi na yanapatikana bila kutafuta, ila hayabebi mzigo wa nafaka inayosukuma nje. Yatumie kwenye paa.

Kukandika

Udongo unaofaa ni wa kichuguu. Wa luseni una mchanga mwingi na utamomonyoka. Wa mbuga, ule mweusi, hupasuka vipandevipande ukikauka kwa sababu unavimba na kunywea kupita kiasi. Hata wa kichuguu haufanani kila mahali, kwa hiyo jaribu kwanza. Loanisha, kanda, viringisha mkononi upate soseji ya unene wa sentimita tatu na urefu wa sentimita 20, kisha isukume taratibu ining'inie nje ya ukingo wa meza. Ikikatika kabla ya sentimita tano, mchanga umezidi. Ikifika sentimita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Katikati ya hapo ni sawa.

Anza na ndoo tatu za kichuguu kilichopondwa na kuchekechwa, ndoo moja ya mchanga, ndoo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, na nusu ndoo ya nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Kwa kihenge cha vipimo vyetu utahitaji takriban ndoo 15 za lita 20 za udongo uliokwisha kukandwa, nje, ndani na sakafuni. Ukande kwa miguu, uufunike kwa magunia yenye maji, uulaze siku mbili au tatu. Samadi inachachuka humo na udongo unakuwa na mnato ambao hutaupata kwa kuukandika siku ileile.

Udongo wa zamani usiubomoe wote. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo: panapotoa sauti ya utupu, pameachana na fito, pabandue, panapojibu kwa uzito, pabaki. Kabla ya kuziba kiraka, lowesha kingo za udongo wa zamani mara tatu, ukiacha zinywe kila mara. Hatua hii ikirukwa, ukuta mkavu unafyonza maji ya udongo mpya ndani ya saa moja, kiraka kinapasuka kuzunguka na kudondoka kabla ya mwaka kuisha.

Tabaka la kwanza liwe sentimita mbili, likisukumwa kwa kiganja hadi liingie kati ya fito. Usililainishe, likwaruze kwa vidole lipate meno ya kushika la pili. Kivuli ni muhimu, kwa hiyo funika kwa turubai mchana ikiwa jua ni kali. Siku nne baadaye nyufa zitaonekana, na hizo ndizo unazijaza kwa tabaka la pili la sentimita moja. La mwisho ni uji mzito wa samadi mbichi na majivu yaliyochekechwa, mbili kwa moja, unaopakwa kwa mkono ndani na nje. Majivu yana kazi hapo: yanaziba vitundu vidogo ambamo fukusi angejificha.

Kona ya sakafu na ukuta ipewe mviringo kwa udongo wa ziada, isiwe pembe kali. Nafaka ya zamani hukwama kwenye pembe na kuwa mbegu ya wadudu wa mwaka unaofuata.

Ukitaka kujua kama ukuta umekauka, bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa sahani kwa ndani, kingo zote zikibanwa kwa gundi ya karatasi, jioni. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, ngoja wiki nyingine.

Paa

Hapa hakuna mengi. Makombamoyo manane hadi kumi yanayokutana kileleni, pau za matete, mteremko mkali wa nusu pembe mraba, nyasi za unene wa sentimita 15 zikifungwa kuanzia chini kwenda juu, na ukingo ushuke nje ya ukuta kwa sentimita 50 au 60. Ukingo mfupi ndio uliobandua udongo wa kihenge chako mara ya kwanza. Paa lisifungwe moja kwa moja ukutani, bali likae lenyewe na kufungwa kwa kamba nne zinazofunguliwa, ili liinuliwe kwa mti wa panda wakati wa kujaza na kuchota. Anayeingia ndani asiwe mtoto peke yake, na paa liwe limeachwa wazi kwa muda kwanza.

Kinachoingia

Babu alijaza mahindi kwa magunzi, akayatia majivu, akayala hadi msimu mwingine. Ukimwiga leo utabaki na unga. Dumuzi ana asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa Afrika alionekana kwanza upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea. Kihenge cha zamani hakikubuniwa kwa ajili yake. Anapenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa sababu punje zimebanana na hazimtikisi anapotoboa, na majivu hayamsumbui sana. Majani ya mwarobaini nayo yanapunguza wadudu wengine. Kwa dumuzi usiyategemee.

Kwa hiyo kihenge kilichofufuliwa kinafaa kwanza kwa mpunga. Ganda la mpunga ni kinga ya asili na hapa Usukuma mpunga hulimwa sana. Kinafaa kwa mtama na uwele vilivyopurwa na kupepetwa vizuri, na karanga zikiwa kwenye maganda, ila kumbuka karanga ni nyepesi na zinajaza nafasi mapema. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vinakaa vizuri miezi mitano au sita vikiwa vimekauka hadi kuvunjika kwa sauti. Udaga na makopa usivichanganye humo na nafaka: dumuzi anakula muhogo mkavu kwa hamu ileile ya mahindi, na hivyo ndivyo anavyoingia kwenye kihenge kisicho na hindi hata moja.

Mahindi ukitaka kuyaweka, yapukuchue, yapepete, yakaushe. Ya miezi mitatu ya kula unaweza kuyaweka kihengeni na dawa ya unga yenye viuatilifu viwili, pirimifosi-methili kwa fukusi na permethrini kwa dumuzi. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100, ila soma lebo ya pakiti uliyonunua, angalia tarehe, na ufuate muda wa kungoja kabla ya kula. Changanya kwenye turubai kwa koleo, ukiwa umefunika pua, hadi kila punje iwe na vumbi. Kunyunyiza juu ya rundo ni kutupa hela.

Ya kukaa zaidi ya hapo yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye mifuko miwili ya nailoni nene ndani na kiroba nje. Puliza kila mfuko wa ndani na uubane mdomo, ukisikiliza kama unavuja. Jaza, shindilia, acha shingo ya sentimita 30, toa hewa kwa kukumbatia mfuko, sokota shingo, ikunje, funga kwa mpira wa baiskeli. Kila tabaka lifungwe peke yake. Humo hakuhitajiki dawa: wadudu wanamaliza hewa yao wenyewe na kufa. Usifungue kabla mwezi mmoja haujapita. Uchaga wako mpya, ukiwa na paa na mabati ya panya, ni mahali pazuri mno pa kuiweka, hata bila ukuta. Kwa mji ambao watu hurudi mara chache kwa mwaka, tungechagua hivyo na kuacha kuta ziwe za mpunga.

Vidonge vya kufukizia, vile vinavyotoa gesi ya fosfini, visitumike kabisa kihengeni. Ukuta wa udongo haushiki gesi, hivyo wadudu wanabaki na gesi inawafuata waliolala nyumba ya jirani. Inaua.

Ukavu

Mpunga usizidi unyevu wa asilimia 14, mahindi 13. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya soda yenye kifuniko na chumvi iliyoanikwa juani siku nzima. Jaza punje theluthi ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15, rudisha turubaini. Isipoganda, usishangilie bado: jaribio hilo linakuambia tu kwamba uko chini ya 15. Anika siku moja au mbili zaidi za jua zuri, hasa kama ni za mfuko usiopitisha hewa, ambako unyevu hauna pa kutokea.

Anika kwenye turubai, tabaka la sentimita nne, ukigeuza kila saa, na uanue kabla ya umande. Kuanika ufukweni kwenye mchanga au kandokando ya lami kunaleta mawe, na kugusa ardhi kunaleta ukungu wa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuimalizi. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa; sumu hupita hadi kwenye maziwa. Yachome au yafukie.

Nafaka ikitoka juani iache ipoe kivulini usiku mmoja kabla ya kuijaza. Ikiingia na joto, mvuke wake utapanda na kuganda chini ya paa, na juma la pili utakuta tabaka la juu limeshikana.

Ukaguzi wa baadaye

Kila wiki mbili ingiza mkono hadi kiwiko sehemu tatu: katikati, kando, na upande wa mvua. Joto lisilo la kawaida maana yake unyevu au wadudu. Toa nafaka yote siku hiyo, anika, chekecha. Ukiona unga mwembamba mweupe na punje zenye matundu ya mviringo, chukua konzi chache, zichekeche juu ya karatasi nyeupe uhesabu. Mdudu mmoja au wawili katika konzi kumi bado unaweza kuanika na kutia dawa. Wakizidi hapo, yale yenye matundu yaende mashineni mara moja yaliwe kwanza, yaliyo mazima yatiwe mifukoni, na kihenge kibaki kitupu, kifagiwe na kupakwa upya samadi na majivu kabla ya mavuno mapya. Nafaka ya zamani isimwagiwe mpya juu yake, hata ikiwa debe moja tu.

Oktoba, kabla ya vuli, zunguka miguu yote, vunja vichirizi vya mchwa, kaza kamba za paa, na uongeze nyasi pale unapoona mwanga ukiwa ndani.